Kitanzi cha Kanga

Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, tulimzika mke wangu Zuwena binti Khalfan. Nimeliandika jina lake lote kwa kuwa nyumbani nilikuwa nikimwita "wewe" tu, na yeye akiniita "wewe", na mambo yakenda. Sasa nyumba yetu ya Mabela, huku Maskati, imebaki na "wewe" mmoja, na huyo hana wa kumwitikia.

Siku za matanga nilikaa sabla, ule ukumbi wa msikiti, nikipokea watu, nikanywa kahawa nyingi kuliko mwaka mzima. Siku ya mwisho mjukuu wangu na wenzake walikuja nyumbani kurudisha viti. Mmoja wao akaliona gongo nyuma ya mlango wa jikoni, gongo bapa la kriketi, limechakaa, lina kitanzi cha kitambaa kwenye mpini. Akauliza, "Babu, hili la nini?" Nikamjibu kuwa ni la kukung'utia mazulia. Sikusema uongo. Zuwena kalitumia kwa kazi hiyo miaka mingi kuliko niliyolitumia mimi kwa kazi yake ya asili. Lakini nilimpa nusu ya jibu, na mgeni wa matanga hapewi nusu. Nusu ya pili ndiyo hii, mwanangu uliyeuliza. Keti.

Mimi nimezaliwa Tanga, katika jamaa zetu waliobaki bara wengine walipohamia Omani. Sikusoma sana. Nilipelekwa chuo cha ufundi nijifunze useremala, na huko tulikuwa na mwalimu wa Kijapani, Mwalimu Sato, mtu mfupi na mpole ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha. Jioni alitufundisha mchezo wa kwao, besiboli. Unashika gongo la mviringo, mwenzio anakurushia mpira, unaupiga kwa nguvu zako zote. Ukishaupiga, unalitupa gongo chini papo hapo, unakimbia upande wa kulia mpaka kituo cha kwanza, unakikanyaga, unageuka kushoto kwenda cha pili, kisha cha tatu, mpaka unazunguka na kurudi ulipoanzia. Mwalimu Sato alisimama pembeni akipiga kelele maneno mawili: "Tupa! Kimbia!" Useremala haukunikaa, na kiti nilichomtengenezea marehemu mama kilichechemea mpaka kikafa. Lakini tupa-kimbia iliingia kwenye mifupa.

Na mpira nilikuwa nikiupiga. Nnalisema hili bila ya haya kwa kuwa mabega yenyewe yamekwisha, na mtu hujisifu kwa alichonacho, si kwa kilichomtoka. Nikiupiga ukanikaa sawasawa, wenzangu walikuwa wakiketi chini kusubiri mtu aurudishe.

Shangazi yangu aliyekuwa akikaa Ruwi ndiye aliyenileta Maskati. Nilikuja kutafuta kazi, nikakuta mafundi seremala wa kweli wamejaa tele, viti vyao vyote vimetulia. Ijumaa moja nikapita kwenye uwanja wa changarawe kando ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, pale Ruwi, nikakuta watu wanacheza kriketi kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Nikasimama kutazama. Mtu mmoja mwenye tumbo na kofia ya jua akaniona nimekodoa macho. Alikuwa Mhindi wa Mombasa, jina lake Yusufali, na wote walimwita Kapteni.

"Wajua kucheza?" akaniuliza.

"Huu sijui. Najua wa mfano wake."

"Wa mfano wake ni upi? Rede ya wasichana?" Wakacheka. Akanipa gongo.

Nililibeba juu ya bega kama alivyonifundisha Mwalimu Sato, na wote wakazidi kucheka, maana wenyewe hulisimamisha chini kama mwiko kwenye sufuria. Mpira ukaja, nikaupiga. Uliruka barabara, ukaangukia juu ya paa la duka la vitambaa, na mwenye duka akatoka kutazama mbingu.

Kapteni akavua kofia yake. "Wewe bwana, hebu rudia."

Nikarudia. Mwenye duka akafunga duka.

"Una kazi?" akaniuliza.

"Sina."

"Sasa unayo."

Mwanangu, yafaa ujue mambo yalivyokuwa. Makampuni ya Ruwi kila moja lilikuwa na timu yake, na matajiri walishindana siku ya Ijumaa kuliko walivyoshindana wiki nzima madukani. Mtu aliandikwa karani au dereva, lakini kila mmoja alijua kaletwa kwa ajili ya mkono wake. Kampuni yetu ilikuwa ikiuza vyoo na masinki. Mimi nikaandikwa msaidizi wa ghala, kazi yangu ikiwa ni kupiga mpira mbali. Arbabu, yaani tajiri wetu, alinikagua kama anayenunua ngamia, akakubali kwa kichwa, akenda zake.

Mtu pekee asiyejali habari hizo alikuwa msimamizi wa ghala, Mzee Khalfan, mzaliwa wa Unguja, mwembamba, kanzu yake haina doa hata ndani ya vumbi lile. Siku ya kwanza nilimwambia kwa heshima kwamba mimi ndiye mpigaji.

"Ahlan," akasema. "Humu ndani hakuna mpira. Chukua choo kile ukiweke kule."

Ikawa hivyo. Ijumaa nikishangiliwa, Jumamosi nikibeba vyoo.

Mzee Khalfan alikaa mtaa wa Hail, na mkewe pamoja na binti yao walikuwa wakishona kofia za mkono, zile za matobo madogo madogo zinazochukua miezi. Nikaenda siku moja kuagiza kofia. Mama mtu akanipima kichwa kwa uzi, akaupeleka ndani. Nikasikia sauti ya kijana wa kike nyuma ya pazia: "Mama, kichwa gani hiki? Hiki si cha kofia moja, hiki cha mbili."

Sikuiona sura yake siku ile, lakini kichwa kile kilichosemwa hakikulala vizuri usiku.

Sasa tabu yangu ilikuwa moja. Katika kriketi, ukipiga mpira, hulitupi gongo. Unakimbia nalo. Unakwenda moja kwa moja mbele, upande wa pili vilikosimama vijiti vitatu, na mwenzio anakuja upande wako. Mkivuka salama mnahesabiwa mbio moja. Wapinzani wakiviangusha vijiti kwa mpira kabla hujafika, umetoka. Mradi mpira wangu ulikuwa ukivuka mawe ya mpakani, sikuwa na haja ya kukimbia, nilisimama tu nikisifiwa. Lakini kila nilipotakiwa kukimbia, Mwalimu Sato aliamka ndani yangu. Gongo lilikwenda huku, mimi nikaenda kule, upande wa kulia, kuelekea wadini.

Kapteni alinifundisha mwezi mzima. "Shika! Kimbia! Mbele, si kulia! Kulia kuna nini, kuna nyumba ya mamako?" Haikusaidia kitu. Mazoea yana tabu. Mwishowe akaja ghalani kumwomba Mzee Khalfan kipande cha kamba anifunge gongo mkononi. Mzee akasema kamba ya ghala ni ya kufungia vyoo. Lakini alikwenda kuisimulia khabari ile nyumbani kwake, na siku ya pili akanitolea mfukoni kitanzi cha kitambaa, kimeshonwa mara mbili kwa uzi wa kofia, kigumu kama mshipi.

"Hiki kimetoka nyumbani," akaniambia bila ya kunitazama. "Kanga ya mamake. Zuwena anasema, mwenye kukumbuka hana haja nacho. Wewe vaa."

Nikakifunga kwenye mpini, nikapitisha mkono. Nilipopiga mpira na kutaka kulitupa gongo, kitanzi kikanivuta kiganja, nami nikakumbuka nipo wapi, nikakimbia mbele kama mtu mwenye akili. Mwamuzi alikitazama, akakigeuza, akasema kanuni haikukitaja. Tangu siku hiyo nikawa mchezaji kamili. Jina langu likavuka Ruwi. Watu walinionesha kwa vidole madukani, na muuza chai mmoja alikuwa akinipa kikombe bure ili nisimame pale kwake. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe. Ila mgema hutia maji kwenye tembo la wenzake. Mimi nilijitia mwenyewe kichwani.

Nikamtuma shangazi kwenda kuposa. Alirudi kashika viatu mkononi, dalili ya mtu aliyechoka kwa maneno.

"Nini wamesema?"

"Mzee anasema anakujua. Unambebea vyoo kila siku. Anachouliza ni kazi yako."

"Si anaijua? Mimi msaidizi wa ghala."

"Anasema hiyo si kazi, hiyo ni karatasi. Anauliza, leo anapiga mpira, kesho mpira usipokuwepo atapiga nini? Anasema akiiona hiyo kazi yako na akaielewa, atatoa jibu."

Bahati ikaja kama imetumwa. Timu yetu ikaingia fainali, na wapinzani walikuwa kampuni moja ya mazulia. Arbabu akaniita akaniambia kwa ufupi wake: tukishinda, ataniandika kazini moja kwa moja, msimu ukiwepo au usiwepo, na atanipa nyumba juu ya duka, ya kuishi na mke. Tukishindwa, mkataba wangu unamalizika na msimu, na msimu ulikuwa unamalizika siku hiyo ya fainali. Nikamwambia Mzee Khalfan, naye akasema, "Nitakuja."

Basi nnaikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kama kitanzi hiki kinavyoukumbuka mkono wangu. Tuliingia uwanjani baada ya alasiri. Mzee alikuja na mkeka, chupa ya kahawa na sahani ya tende, akaketi karibu na mawe ya mpakani, upande wa kulia wa mpigaji, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kivuli cha gari. Nakuomba ukumbuke alipoketi.

Upande wa wapinzani, nyuma ya vijiti vyangu, alisimama Mpathani mmoja wa Pakistani, mwokaji mikate, mtu wa mzaha tangu tumboni mwa mamake. Alipokiona kitanzi akapiga ukelele kwa Kiarabu cha jikoni uwanja mzima ukasikia: "Ya jamaa, tazameni! Wamemfunga mbuzi wa Idi!"

Kila mrushaji alipojitayarisha, yeye nyuma yangu: "Meeee." Nikiupiga, "Meeee." Nikitulia, "Mbuzi kachoka, mpeni majani." Watu wa mazulia wakaanza kulia meeee wote. Nami nikamtazama Mzee Khalfan, nikamwona anakunywa kahawa, na nikadhani naye ananiona mbuzi.

Mpira wa mwisho ulipobakia, tulihitaji mbio mbili kushinda. Mwenzangu upande wa pili alikuwa Kapteni mwenyewe na tumbo lake. Mpathani akaniinamia sikioni akasema taratibu, kama anayenishauri, "Ukichinjwa, ngozi nipe mimi."

Mwanangu, nilikivua kitanzi. Nilikivua mbele ya watu, nikakitupa nyuma ya mawe, huko kwenye vichaka. Watu wakashangilia, na mimi nikaona nimekuwa mwanamume. Kapteni akanyanyua mkono kutoka mbali: "Wewe! Wewe bwana! Kirudishe!" Sikumsikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema wahenga, na mimi guu langu nilikuwa nnalitayarisha.

Mpira ukaja, nikaupiga. Ulikuwa mzuri, Mungu anajua, ulipanda mpaka jua likauficha. Lakini haukuvuka mawe. Uliangukia kwenye mchanga laini kabla ya mpaka, ukatulia kama yai. Ilikuwa lazima kukimbia. Na pale, mbele ya umma wote, nikaisikia sauti ya Mwalimu Sato, safi, kama yupo pembeni: Tupa! Kimbia!

Nikatupa. Nikakimbia. Upande wa kulia.

Nilikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla. Mbele yangu nikaona kituo cha kwanza, kinaonekana vizuri, cha mraba, kimetandikwa. Nikakikanyaga kwa mguu wa kulia kama nilivyofundishwa. Kilikuwa mkeka wa Mzee Khalfan. Chupa ya kahawa ikenda juu, tende zikatawanyika, nikamsikia mzee akisema "Subhanallah!" nami nikageuka kushoto kwenda kituo cha pili. Kituo cha pili hakikuwepo, lakini niligeukia pale ambapo kingekuwepo. Wapinzani walisimama wakanipisha. Mpathani aliacha kulia meeee. Nilizunguka uwanja mzima, mwanangu, kwa heshima zote, nikafika nilipoanzia, na ili nisikamatwe nikajirusha chini na kuteleza juu ya changarawe kwa makalio. Suruali ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini. Nikasimama, nikanyanyua mikono miwili juu.

Kapteni alisimama pembeni yangu, kwenye vijiti vyangu, kafika zamani, anahema. Vijiti vya upande wa pili, nilikotakiwa kwenda, vilikuwa vimelala chini.

"Umefika?" akaniuliza kwa upole.

"Nimefika!"

"Ulikuwa wenda wapi?"

Ndipo akili iliponirudia, nayo ilikuja taratibu, haikuwa na haraka. Upande wa mazulia ukalipuka. Arbabu aliingia ndani ya gari lake, akapandisha kioo, akaondoka. Nikaliona vumbi la gari lile, na ndani ya vumbi nikaiona nyumba ya juu ya duka ikenda zake, na mke ndani yake.

Mzee Khalfan alikuja kwa miguu yake, katikati ya uwanja. Ile kanzu isiyojua doa ilikuwa na kahawa kuanzia kifuani hadi chini. Nikainamisha kichwa.

"Salumu."

"Labeka."

"Kazi yako ndiyo hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimeielewa." Akafuta tende iliyoganda kwenye mkono wa kanzu. "Mimi sina elimu ya mpira. Lakini nimeuona ulivyokwenda mbali, hilo sikunyimi. Sasa niambie. Mtu anakula kwa mkono wake. Akishashiba, huutupa mkono?"

"Hautupi."

"Mbona wewe umetupa ulichopigia, kabla hata hujashiba? Na kile cha kwanza ulichotupa, kilichotoka nyumbani kwangu, kiko wapi?"

Nikaonesha vichakani.

"Kitafute. Bila ya hicho, Hail usije."

Nikaenda vichakani na suruali yangu ya mbawa mbili. Kitanzi hakikuwepo. Nikatafuta kwa mikono na magoti. Kapteni akaja akatafuta nami, akinitukana kwa Kihindi, ambacho mpaka leo nnakishukuru kwa kuwa sikukifahamu. Wachezaji wetu wakaja. Mwisho akaja hata yule Mpathani, akauliza tumepoteza nini. Nikamwambia ni kitambaa cha mchumba wangu, kile alichonicheka nacho. Uso ukamgeuka. "Ya akhi," akasema, "mbona hukuniambia ni cha mchumba? Ningelia kama ng'ombe, si kama mbuzi." Akaanza kutafuta kuliko sisi sote.

Na yeye ndiye aliyemwona. Juu ya ukingo wa wadi alisimama mbuzi wa kweli, jike, wa wale wanaozurura na kula makaratasi ya Ruwi, anatafuna kwa utulivu, na kipande cha kanga nyekundu kinaning'inia mdomoni.

Timu ile iliyoshindwa kukimbia mbio mbili ilikimbia wadi nzima. Kapteni alianguka mara mbili. Mpathani alimkata mbuzi njia, mimi nikamshika pembe, tukavutana, mbuzi upande mmoja na mimi upande mwingine, kila mmoja na dai lake. Nusu ikabaki kwake na nusu ikaja kwangu. Nusu shari kuliko shari kamili. Jua lilikuwa linazama na watu wanasimama safu ya sala ya magharibi, nami nikasali na nusu ile ndani ya ngumi.

Nilikaa wiki nzima bila ya kazi nikingoja Ijumaa. Nilikifua kile kipande, nikakipiga pasi, nikakifunga ndani ya leso safi, nikaenda Hail na shangazi. Nikamkabidhi Mzee Khalfan. Alikifungua akakitazama muda mrefu, akaona alama za meno.

"Hii nusu."

"Ndiyo, mzee. Nyingine kala mbuzi."

Nyuma ya pazia ikatoka ile sauti. "Mbuzi yupi, baba? Wa miguu minne au wa miwili?"

Shangazi akaziba mdomo kwa buibui. Mzee Khalfan alijitahidi kutocheka, na mwanangu, nilimjua mzee yule mpaka alipofariki, na sikumwona akishindwa na jambo lolote isipokuwa hilo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia akasema, "Huyu hana kazi sasa, hana nyumba, na kahawa yangu kaimwaga. Jibu sinalo mimi. Muulizeni mwenyewe."

Nilisikia mkasi unawekwa juu ya meza.

"Nitamshonea kingine," akasema Zuwena. "Lakini kirefu. Huyu ataendelea kusahau."

Mama yake akapiga kigelegele kabla mimi sijafahamu kama nimekubaliwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Arbabu alikaa na hasira yake mpaka timu ilipofungwa mechi tatu za msimu uliofuata, akaniita tena. Nikapiga mpira misimu kadhaa na kitanzi mkononi, na Mpathani akawa rafiki yangu. Mikate ya harusi yetu aliioka yeye. Kisha bega la kulia likakataa. Siku lilipokataa sikuwa na pa kwenda ila ghalani, na Mzee Khalfan akanipokea kwa maneno yale yale: "Ahlan. Chukua choo kile." Alipostaafu nikakaa kwenye kiti chake. Waliokuwa wakinionesha kwa vidole walipata wa kumwonesha mwengine, na muuza chai akaanza kunitoza. Kapteni alinipa gongo hili, lile lile nililokuwa nikipigia, siku ya mechi yangu ya mwisho. Zuwena alilipokea mlangoni, akalipima uzito, akasema, "Hili la mazulia." Kitanzi hakukikata. Kila kilipochakaa alikishona upya, na sasa kwenye uzi wake sijui kuna kanga ngapi.

Mwanangu, nguvu ni neema na usizionee haya. Ukipewa mkono wa kupiga, piga mpaka mwenye duka atoke kutazama mbingu. Lakini siku watu watakapokuita mbuzi, angalia usivue kilichokushika ili uwapendeze. Wale watakwenda nyumbani kwao baada ya mechi, na wewe utabaki na vijiti vilivyolala. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kile kinachokuvuta mkono na kukukera, cha mama, cha mke, cha mzee asiyejua mchezo wako, mara nyingi ndicho kinachokuonesha mbele ni wapi. Na ukikosea, maana utakosea, nenda katafute hata nusu, uipeleke ilivyo na alama zake za meno. Usiifiche. Aliye wako ataishona.

Mimi nilishonewa miaka yote hiyo, na "ahsante" nilimwambia mara chache kuliko nilivyodhani. Nnalisema kwa kuwa ni kweli. Wewe uliye na wako, mwambie leo.

Mungu akupe mkono mwepesi na kichwa cha kofia moja. Akupe wa kukucheka ndani ya nyumba ili usichekwe sana nje. Na Zuwena amfanyie wasaa kaburini kwake, amlipe kwa kila tundu la sindano. Amin.

Asubuhi hii, nilipokuwa nnaandika, mbuzi wa jirani aliingia uani akaanza kuila mirihani ya Zuwena. Nimelitoa gongo nyuma ya mlango, nikapitisha mkono kwenye kitanzi, nikamfukuza mpaka getini. Nimefunga geti, nikarudi ndani na gongo mkononi.